Ungama Yako Tu

Kama hujawahi kuishi Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, utadhani mji huu ni kitongoji cha mbinguni. Huwezi kununua nyanya kabla hujaulizwa kama umeokoka. Dereva wa lori ameokoka, anayebadilisha pesa ameokoka, wakala wa mizigo ameokoka mara mbili, na kila mmoja ameandika jina la Yesu kwenye kioo cha gari au mlango wa kibanda. Mimi nauza chai na chapati karibu na uwanja wa malori, nawaona kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanaonijua watakwambia nina hasira, na ni kweli ninayo, lakini si kwa Mungu. Mungu namwamini. Ni hawa watu wake wa mpakani wanaonishinda.

Methuselah Oundo hakuwa mmoja wao, na ndiyo maana naandika habari zake. Alizaliwa kijijini Busibwabo, akapata polio kabla hajajifunza kukimbia. Jina hilo la kuishi miaka mingi alipewa na mama yake wakati wote walidhani hatamaliza mwezi. Miguu ikabaki myembamba, mikono ikanenepa, na alipokuwa mtu mzima alikuja mjini na baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, yenye sanduku la mizigo nyuma. Alipanga chumba nyuma ya kibanda changu. Kila asubuhi alikunywa chai yangu ya kwanza, na kila asubuhi alilalamika kwamba haina sukari.

Kazi yake ilikuwa kuvusha. Mtu akitaka kuelewa kazi hiyo, ajue jambo moja tu: askari wa mpakani humpekua kila mtu ila mlemavu. Ni huruma, na pia ni mazoea. Basi watu wenye mizigo isiyopenda kuonekana wakawapenda walemavu mapenzi makubwa ajabu. Methuselah alivusha sukari, mayai, mafuta ya kupikia, viberiti, na hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Mama yake, aliyekuwa ameshafariki, alikuwa mtu wa uamsho wa zamani katika kanisa la Anglikana. Wale watu walikuwa na desturi waliyoiita kuweka mambo nuruni. Ulisimama mbele ya wenzako ukataja dhambi yako kwa jina lake, na kama uliiba kuku, ulirudisha kuku. Sharti lilikuwa moja: ungama yako tu. Aliyesimama akaanza kusema kwamba fulani ndiye alimchokoza, au fulani ndiye alimtuma, aliambiwa akae chini kwanza, arudi siku atakapokuwa amejiona yeye mwenyewe. Methuselah na ndugu yake Okwara walilelewa katika hayo. Okwara aliyasahau mapema, akawa fundi wa mawe na mpenzi wa pombe. Methuselah alikaa nayo moyoni bila kuyatumia.

Halafu akaokoka. Palikuwa na mkutano wa hadhara hapo uwanjani, alikuwa amekwenda kuangalia tu, akarudi macho yamevimba kwa kulia. Nilimtania.

"Umeokoka kutoka kwa nini sasa? Wewe hata miguu ya kufuata dhambi huna."

"Mama Brendah," akaniambia, "dhambi yangu iko na magurudumu."

Hakuwa anacheza. Kesho yake alikwenda kwa Quinton, aliyekuwa akimpa mizigo mingi kuliko wengine wote, akamwambia hatabeba tena kitu cha kufichwa. Quinton ni wakala wa mizigo na ni mzee wa kanisa letu. Vipaza sauti vya kanisa alivinunua yeye. Hata ile baiskeli ya Methuselah aliinunua yeye, ikaombewa mbele ya madhabahu, picha zikapigwa. Ni mtu wa sauti ya upole sana. Nilikuwa nimepeleka chai pale ofisini kwake, nikasikia alivyomjibu.

"Ndugu yangu, hata mimi sitaki dhambi. Hii imebaki ni spiriti ya kuosha vyombo vya hospitali. Ushuru imelipwa. Hapo unasaidia wagonjwa, si kuvunja sheria."

Methuselah alifurahi kama mtu aliyepata kazi mpya. Ni mzee wa kanisa amesema. Akaifunga mitungi ya manjano kwenye sanduku lake kwa vipande vya mpira mwekundu wa tyubu, kama alivyofunga siku zote, akaenda.

Sasa kuna neno lazima nilieleze. Kwenye vichochoro vya pembeni, mbali na lango kubwa, palikuwa na kizuizi, na kizuizi hicho kilikuwa kimepata mkubwa mpya ambaye hakuwa na huruma wala mazoea. Alisimamisha kila mtu, mwenye miguu na asiye nayo. Chini yake neno kuokoka likapewa kazi nyingine. Mzigo ambao mwenyewe alikuwa ameshaongea na watu wa kizuizi, yaani ameshawapa chao, uliitwa mzigo uliookoka. Ambao hajaongea uliitwa mpagani. Ukifika, unaulizwa swali moja tu, na kila mvushaji alijua anaulizwa nini. Methuselah hakujua, kwa sababu hakuwahi kusimamishwa maishani mwake.

Jumapili iliyofuata alisogeza baiskeli yake mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Alisema Bwana ni mwema. Alisema amesimamishwa na mkubwa mmoja wa serikali, mtu mkali, na badala ya kumpekua, mkubwa yule alimuuliza tu, "Umeokoka?" Naye akajibu kwa nguvu zote, "Nimeokoka kabisa, boss, tangu wiki jana." Mkubwa akacheka, akainua kamba, akamwambia pita na baraka. Methuselah alisema hakuwahi kujua kwamba wokovu humfungulia mtu njia waziwazi namna hiyo.

Viti vya nyuma, wanakokaa mawakala na waendesha bodaboda, vilitikisika kwa kicheko. Watu walijificha nyuma ya Biblia. Quinton alisema amina kwa sauti kubwa, na mchungaji wetu, Emorut, akaanzisha pambio haraka. Methuselah alidhani wanafurahi pamoja naye, akapiga makofi.

Nilimweleza mimi, nje, baada ya ibada. Singeweza kumwacha aende na aibu ile mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa juu ya magurudumu.

"Kwa hivyo yeye hakuwa anauliza mimi," akasema. "Alikuwa anauliza mitungi."

"Ndiyo."

"Na kama ushuru imelipwa, mbona mitungi inapitia kichochoro?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Alikwenda ofisini kwa Quinton kumuuliza, akaambiwa amesafiri Kisumu. Kabla Quinton hajarudi, habari zilifika kutoka Busibwabo.

Methuselah alipoikabidhi, spiriti ile haikwenda hospitali; wengine waliipeleka kwa Apolot, mama anayeuza pombe ya chang'aa, naye akaichanganya kama alivyoambiwa na aliyemletea. Okwara alipita hapo akitoka kazini, yeye na wajenzi wenzake. Asubuhi, mkewe Nasambu alikuwa anafagia, akamsikia akiuliza kwa nini bado hajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Nasambu alidhani ni utani wa mlevi mpaka alipomwona akipapasa ukuta kutafuta mlango. Okwara alifariki mchana wa siku hiyo. Hakufa peke yake. Kulikuwa na matanga katika nyumba nyingi za eneo hilo, na waliobaki hai walikuwa wakiongozwa kwa mkono.

Methuselah aliendesha baiskeli yake mpaka kwa Apolot. Mama yule alikuwa ametoroka na nyumba ilikuwa wazi. Mitungi ilikuwa nyuma, na mpira mwekundu ulikuwa bado umening'inia kwenye mpini wa mmoja wao. Alirudi nao mfukoni, akauweka juu ya meza yangu ya chapati, akalia mbele ya wateja. Sijawahi kuona mtu akilia vile bila kuficha uso.

Alitaka jambo moja tu tangu saa hiyo. Alitaka kuliweka nuruni, mbele ya watu wa nyumbani kwao, kabla ndugu yake hajafukiwa. Alisema bila hilo wokovu wake ni ule wa kizuizini. Alikwenda kwa mchungaji Emorut kuomba nafasi ya kusema siku ya mazishi, na mimi nikamsindikiza, kwa sababu nyumba ya mchungaji ina ngazi na mtu anahitajika kumshika.

Mchungaji alimsikiliza akitazama mlango.

"Ndugu, Mungu ameshakusamehe. Hiyo mambo imeisha. Mazishi si mahali ya kuungama. Watu wana uchungu, watakuua."

"Nikikaa nayo nitakufa pia, pastor."

"Na ufikirie kanisa," mchungaji akasema. "Jina la kanisa."

Nilimwambia mchungaji kwamba jina la kanisa lilikuwa tayari limenywewa Busibwabo. Akainuka, akatufungulia mlango. Wakati huo Quinton alikuwa amesharudi kutoka Kisumu na ameshalipia jeneza, mahema na chakula, na watu walikuwa wakisema hakuna mzee mwenye moyo kama wake.

Siku ya mazishi vipaza sauti vilivyotumika vilikuwa vile vya kanisa. Quinton alikaa meza kuu karibu na mchungaji, chupa ya maji mbele yake. Nasambu alikaa chini kando ya jeneza, hakuinua kichwa. Pembeni, vijana walikuwa wamemsaka Apolot wakamkuta kwa dada yake, wamemfungia ndani ya nyumba, na tayari walikuwa na petroli. Tulisikia kelele zao ibada ikiendelea. Wazee walipeleka ujumbe watulie, hawakutulia.

Familia ilipoitwa kutoa salamu, Methuselah hakungoja jina lake. Alijisukuma mpaka kwa msema chochote aliyekuwa akiendesha shughuli, akachukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Bwana asifiwe. Mimi ni ndugu ya Okwara. Ile spiriti, mimi ndio nilibeba. Niliulizwa kama nimeokoka, nikasema ndiyo, nikaipitisha. Huyo mama mnataka kuchoma alipelekewa tu. Mumwache. Msitafute mtu mwingine. Ni mimi."

Hata wale vijana walisikia, vipaza sauti vilikuwa vizuri. Wakaanza kurudi huku, mmoja mmoja, na Apolot akapata nafasi ya kutolewa kwa mlango wa nyuma. Hilo lazima lisemwe: yule mama yu hai leo kwa maneno yale. Simu zilikuwa juu, nusu ya watu walikuwa wanarekodi.

Kisha mzee mmoja wa ukoo akasimama, akauliza, "Mitungi ilikuwa ya nani? Nani alikutuma?"

Methuselah alimtazama Quinton. Sote tuliona akimtazama, na Quinton aliona tunaona. Niliomba kwa maneno niliyoyajua na nisiyoyajua kwamba aseme. Alikaa na kipaza sauti mdomoni muda mrefu, akipumua ndani yake, na pumzi zake zikasikika boma lote.

"Mimi naungama yangu tu," akasema, akakirudisha.

"Amina," akasema Quinton. Watu wakasema amina, kwa mazoea. Kisha Quinton alisimama, akachukua kipaza sauti kile kile na kumwomba Mungu kwa machozi amsamehe ndugu yetu aliyeanguka. Nilitaka kumrushia kiti. Nasema ukweli, nilikishika mguu, na mama mmoja akanizuia.

Polisi walimchukua Methuselah kabla chakula hakijagawiwa. Walipomuuliza mwenye mzigo ni nani, aliwaambia yale yale, kwamba ameshaungama yake. Waliridhika haraka mno. Walimwinua wakamtia garini, na baiskeli ikabaki kando ya kaburi.

Nilimtembelea rumande, nikamgombeza mpaka nikachoka. Alikuwa ametulia, amekonda, uso wake una amani ambayo ilinikera. Aliniambia analala vizuri. Aliniambia kwa mara ya kwanza amesimama mahali mama yake aliposimama. Nilimwacha na amani yake, nikarudi kwenye chapati zangu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipomwona Nasambu mlangoni pa kibanda, amelowa, akiniambia nimpeleke kwa shemeji yake. Hakuwa amezungumza naye tangu msiba. Tulipofika, Methuselah aliletwa akiwa amebebwa, akawekwa kwenye benchi ng'ambo ya wavu, na alipomwona alianza kulia.

"Mulamwa," Nasambu akamwambia, kama Waluhya wanavyomwita shemeji, "usilie kwanza. Sikuja kukusamehe. Hiyo nitafanya siku nitaweza. Nimekuja kukuambia kule ziwani, Sio Port, watu wamekufa. Wale wa kuanika omena. Wanawake pia. Ni spiriti ile ile, kwa mitungi ile ile ya manjano."

Methuselah aliacha kulia, akajifuta uso kwa kiganja.

"Wewe uko hapa ndani," Nasambu akaendelea. "Sasa nani amebeba? Na ya nani?"

"Mama alitufundisha mtu anaungama yake..."

"Mama yenu alikuwa anaungama kuku," Nasambu akasema. Hakupandisha sauti. "Wewe uliungama ndio upate kulala. Na umelala. Sisi ulituacha na mwenye mitungi."

Nilitazama pembeni. Kuna maneno ambayo mtu hapaswi kuyashuhudia yakiingia kwa mwenzake. Methuselah alishika wavu kwa ile mikono yake minene, na nikaona amani yote niliyoichukia ikimtoka usoni, na kwa aibu yangu nikatamani irudi.

"Ni Quinton," akasema.

"Mimi najua ni Quinton. Kila mtu anajua. Unaniambia mimi ndio nimfanye nini?"

"Nitasema kortini."

"Sema," Nasambu akajibu, akainuka.

Siku ya hukumu watu wa kanisa walikuja kwa wingi, kina mama wamevaa sare, Quinton na mchungaji Emorut wamekaa mstari wa pili. Walisema wamekuja kumtia nguvu ndugu. Methuselah alikuwa ameshakiri kosa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo iliyobaki ilikuwa kuulizwa kama ana la kusema kabla ya kuhukumiwa. Mahabusu mwenzake alimshikilia ili akae wima.

"Niko nayo, mheshimiwa. Mzigo ilikuwa ya mzee Quinton, yule ameketi pale na suti ya kijivu. Alinitumia miaka mingi. Bado anatuma wengine. Nilinyamaza nikidhani kunyamaza ndio wokovu. Nilikosea, na watu wamekufa Sio Port juu ya kukosea kwangu."

Kina mama wakaguna. Quinton aliinamisha kichwa kwa huzuni kubwa, na mchungaji akamwekea mkono begani. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye haraka, aliomba ruhusa, akatoa simu, akaiinua karibu na kipaza sauti cha mahakama. Tukasikia upepo wa Busibwabo, watoto wakilia, kisha sauti ya Methuselah, wazi kabisa: msitafute mtu mwingine, ni mimi. Akairudia. Alisema mshtakiwa alipoulizwa na wazee wa ukoo wake, na baadaye na polisi, alikataa kumtaja mtu yeyote. Sasa kifungo kimekaribia na ghafla ana jina, tena la mfadhili aliyemnunulia baiskeli.

Hakimu alivua miwani.

"Oundo, ulisema kweli siku gani? Kwa mazishi au leo?"

"Siku zote mbili, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Methuselah alitaka kueleza, nikaona midomo yake ikitafuta pa kuanzia, na ningekuwa mimi nisingejua pia. Ungemwelezaje hakimu mambo ya kuku na nuru, na mama aliyekufa, na swali lililoulizwa kizuizini?

Nasambu akasimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, na leso ya msiba bado kichwani.

"Mheshimiwa, mimi ndio bibi ya marehemu."

"Keti chini, mama."

"Mimi ndio nilifiwa. Mbona hakuna mtu ameniuliza mimi naamini siku gani?"

Hakimu alimwambia tena aketi. Hakuketi. Aliendelea kusimama, akimtazama Methuselah na si hakimu, mpaka askari alipokuja akamshika mkono. Alipofika mlangoni alikuwa bado anarudia, kwa sauti ile ile isiyopanda, kwamba yeye anaamini ya leo. Mlango ukafungwa, na hukumu ikasomwa yeye akiwa nje.